Saa 7.20 Usiku, Changamwe

Alhamisi, 9 Mei 2024

Nimetoka Kigamboni kabla ya adhana ya alfajiri, nikavuka na pantoni, na nikiwa bado juu ya maji nikamtumia ujumbe mwenyeji wangu wa Mombasa: "Kaka, niko Magogoni, naelekea stendi." Kwa mtu wa Dar es Salaam, Magogoni ni kivuko. Kwa mtu wa Kisauni, Magogoni ni mtaa wa jirani. Mwenyeji wangu alipoamka na kuusoma alidhani nimesafiri usiku na nimeshafika, akavaa haraka, akatoka kwenda steji kunitafuta. Alizunguka na tuktuk asubuhi nzima. Tulipopatana kwa simu mimi nilikuwa ndiyo kwanza naingia Tanga. Hakukasirika, lakini jambo hilo sikuliacha njiani: neno moja, pwani moja, na watu wawili wanaosikilizana vizuri kabisa wamepotezana kwa saa tano.

Kazi iliyonileta ni hii. Mwaka jana niliandika programu ya kuhesabu kontena kwa yadi moja ya Changamwe. Kontena likiingia, karani anabonyeza, likitoka, anabonyeza, mashine inahesabu siku, inaondoa siku za bure, inatoa ankara. Tangu Januari wateja wanalalamika kwamba wanatozwa siku moja zaidi. Sio wote, na sio kila mara. Pamoja na hilo mwenye yadi ana neno la pili: makarani wa usiku hawataki kuacha daftari. Wanaandika kila kitu mara mbili, kwenye mashine na kwenye karatasi. Anataka nirekebishe la kwanza na nikomeshe la pili.

Msimbo ule niliuandika mimi, kwa mkono wangu, mezani kwangu Kigamboni. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe badala ya kumtuma kijana.

Horohoro na Lunga Lunga mtu anagongewa mihuri ya nchi zote mbili mahali pamoja, na foleni ilikuwa fupi. Saa haibadiliki, Kenya na Tanzania zote ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Tundu za umeme ni zilezile za pini tatu. Kinachobadilika ni maneno. Nyuma yangu umeme ulikuwa unakatika. Mbele yangu stima inapotea. Bajaji imekuwa tuktuk, kituo kimekuwa steji, pantoni imekuwa feri. Na laini yangu ya Tanzania, hatua chache baada ya mpaka, ikakataa kushika mtandao. Nililichukulia kuwa jambo dogo.

Likoni tumefika magharibi. Nilishuka kwenye basi nikaingia ferini kwa miguu pamoja na umati. Hapa nilisimama nikalinganisha kwa makini, maana mimi ni mtu wa kuvuka maji kila siku ya kazi. Kigamboni mwenda kwa miguu hulipa shilingi 200 za kwetu. Likoni halipi kitu, anayelipa ni mwenye gari. Kigamboni tulipata daraja Aprili 2016, Daraja la Nyerere, mita 680, na anayechoka na foleni ya pantoni ana njia ya pili. Likoni walijengewa daraja linaloelea la Liwatoni, lililofunguliwa kwa waendao kwa miguu mwanzoni mwa 2021, siku za Korona, nalo lilikuwa na kipande cha katikati kilichofunguliwa meli ipite. Daraja kubwa la kudumu limezungumzwa kwa miaka mingi na bado halijajengwa. Upande wa Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa. Wiki moja na nusu imepita tangu kumbukumbu yake ya mwaka wa 30. Abiria aliyekuwa ubavuni mwangu, mama mwenye kikapu cha maembe, alinyamaza tangu mlango ulipopandishwa hadi uliposhushwa. Nikanyamaza naye.

Ijumaa, 10 Mei. Kisauni

Nyumba ya mwenyeji wangu iko Mishomoroni. Kutoka kisiwani unapita Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980 mahali pa daraja la zamani lililokuwa likielea, kisha Kongowea na soko lake. Kongowea ni jina la kale la Mombasa yenyewe, na leo ni mahali pa kununua viazi na vitunguu kwa gunia.

Asubuhi nimefungua laptopu niingie kwenye seva. Seva yetu iko Frankfurt, na ili kuingia inatuma namba ya siri kwenye simu yangu. Simu ipi? Ile ya laini ya Tanzania, iliyokufa mpakani. Nilibonyeza "tuma tena" mara nne, na mara ya tano mlango ukajifunga. Nimesafiri siku nzima kuja kurekebisha programu ambayo siwezi kuigusa.

Nilinunua laini ya Kenya kwa pasipoti, nikampigia mke wangu. Nyuma ya kioo cha kabati kuna bahasha ya kaki, nikamwambia. Ndani kuna karatasi yenye namba kumi za akiba. Nilikuwa nimeziandika miaka miwili iliyopita na kuzisahau. Akazitafuta, akaanza kunisomea: "Nne, saba, sifuri... subiri mume wangu, hii ni moja au saba?" Ilikuwa saba. Nikaingia. Kabla ya kufanya kitu kingine chochote nimeondoa namba za ujumbe wa simu, nikaweka programu inayozalisha namba ndani ya simu yenyewe bila kuhitaji mtandao wa nchi yoyote. Kama unavuka mipaka kikazi, fanya hivyo ukiwa bado nyumbani.

Mchana niliketi na vijana watatu wa hapa wanaofanya kazi kama yangu, kwenye baraza, na sinia ya viazi karai katikati. Tumelinganisha kazi. Wao shuleni walifundishwa "tarakilishi" na "hifadhidata". Sisi "kompyuta" na "kanzidata". Kazini sote tunasema kompyuta. Tofauti kubwa iko kwenye pesa. Mombasa, programu ikiunganishwa na M-Pesa imewafikia karibu watu wote, na mlango wa kuingilia, tangu 2017, unaitwa Daraja. Dar es Salaam mteja mmoja yuko M-Pesa, wa pili Airtel Money, wa tatu HaloPesa, na kila mmoja ana mlango wake na tabia zake. Kwa upande mwingine, sisi mitandao yetu ilianza kutumiana pesa 2014, Kenya 2018. Kijana mmoja alisema anatuonea huruma. Mimi naona uzito huo umetufundisha kutodhani kwamba mtu wa upande wa pili anafanana na wa kwanza. Nilivyoona kesho yake, hata sisi hatujajifunza vya kutosha.

Jioni nilichunguza orodha ya malalamiko. Jumla za mwezi ziko karibu sawa na zinavyotakiwa kuwa, ndiyo maana mhasibu hakushtuka. Lakini ukichukua kontena mojamoja, mengine yamezidishwa siku na mengine yamepunguzwa siku. Waliozidishiwa walipiga kelele. Waliopunguziwa walinyamaza.

Jumamosi, 11 Mei. Changamwe

Niliomba nikae zamu ya usiku. Mwenye yadi alishangaa. Alinitayarishia ofisi yenye kiyoyozi mchana.

Changamwe inaunganika na kisiwa kwa Makupa, kwa barabara na reli, hakuna kusubiri feri. Likoni wana maji na wanasubiri. Kisauni wana daraja moja na foleni. Changamwe wana malori. Usiku huo niliyaona yamepanga mstari, ya Kampala, ya Kigali, madereva wamelala juu ya usukani. Nyuma yao ni matangi ya kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi 1963 na kuacha kusafisha 2013. Ndege ya mwisho ilishatua uwanja wa Moi. Muuza kahawa tungu alikuwa akigonganisha vikombe vyake, na mwanga wa yadi ulikuwa mweupe kama wa hospitali.

Karani wa usiku ni mzee wa Likoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha kiti. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili jioni, na kwa sababu ya feri yeye hutoka kwake saa tisa. Mbele yake kuna kompyuta upande wa kushoto na daftari la kaunta upande wa kulia. Juu ya ukurasa wa daftari ameandika kwa wino wa buluu, herufi za mviringo za mtu aliyefundishwa kuandika na maalim: *Usiku wa kuamkia Jumapili 12/5.*

Lori liliingia. Akabonyeza kwenye kompyuta, kisha akaandika daftarini: namba ya kontena, namba ya lori, na saa. 7.20.

Nikatazama kioo cha kompyuta. Kilisema 01:20.

"Mzee, kwa nini unaandika tena?"

"Kwa sababu hini yako yaniambia saa moja na dakika ishirini. Saa moja, mwanangu, ni jua lishatoka. Sasa hivi ni saa saba na dakika ishirini za usiku. Niandike uongo?"

"Na mtandao ukipotea, unaingizaje?"

"Naandika hapa. Ukirudi asubuhi, twaingiza kutoka kwenye daftari vile vilivyo."

Niliomba daftari. Nikafungua kurasa za Machi, nikaweka kando ya kompyuta, nikaanza kulinganisha mstari kwa mstari, na baada ya nusu saa kahawa yangu ilikuwa imepoa na mikono inanitetemeka. Makontena yaliyoingizwa na mashine yenyewe kati ya saa sita na saa tisa usiku yalikuwa na saa sahihi na siku yenye kosa. Makontena ya saa hizohizo yaliyoingizwa kwa mkono asubuhi, kutoka daftarini, yalikuwa na saa yenye kosa na siku sahihi.

Nieleze polepole, maana hapa ndipo moyo wa safari hii ulipo.

Seva ya Frankfurt haitumii saa ya Ujerumani wala ya Kenya. Inatumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa saba na dakika ishirini usiku wa leo Changamwe, kwa seva ni saa nne na dakika ishirini usiku, na bado ni jana. Hilo si kosa. Ndivyo wakati unavyotakiwa kutunzwa. Kosa ni langu: nilipohesabu siku, nilichukua tarehe ya seva kama ilivyo. Kontena lililoingia kati ya saa sita na saa tisa usiku likaandikwa limeingia jana, likitoka mchana limezidishiwa siku. Lililoingia mchana na kutoka saa hizohizo za usiku limepunguziwa siku. Saa tatu tu kati ya ishirini na nne, na mimi majaribio yangu yote nilifanya mchana, wakati tarehe ya Frankfurt na tarehe ya Kigamboni ni moja.

Na mzee? Asubuhi, mtandao ukirudi, anafungua fomu. Fomu inajijazia tarehe ya leo. Yeye anaandika saa kama alivyoiandika daftarini, 7.20. Mashine inaelewa saa moja na dakika ishirini asubuhi. Amesogezwa mbele saa sita. Lakini asubuhi hiyo, hata ukiondoa saa tatu, bado ni siku ileile. Kwa hiyo siku yake ikatoka sawa, na ankara yake ikatoka sawa.

Kuna siku tatu zilizokuwa zinagombana ndani ya yadi moja. Siku ya seva inageuka saa tisa usiku kwa saa yetu. Siku ya ankara inageuka saa sita. Siku ya mzee, kama ya Waislamu wa pwani hii tangu zamani, imeanza jua lilipotua, ndiyo maana ukurasa wake wa Jumamosi jioni una jina la Jumapili. Kati ya hizo tatu, yake ndiyo pekee isiyokatwa katikati ya zamu. Kila kontena la usiku ule liko kwenye ukurasa mmoja, chini ya tarehe moja. Mimi nilisoma miaka minne chuoni na sikulifikiria hilo.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona daftari lako liko sawa, mzee."

"Nami nilijua," akasema, akaagiza kahawa nyingine mbili.

Jumapili, 12 Mei

Nilirudi Mishomoroni jua likiwa limepanda, nikaandika marekebisho kabla ya kulala. Maneno si mengi. Wakati uendelee kutunzwa kwa saa ya dunia. Lakini kabla ya kukata tarehe, ugeuzwe kwanza kuwa wakati wa hapa. Kwenye orodha ya maeneo ya saa inayotumiwa na kompyuta duniani, hapa panaitwa Africa/Nairobi, na Dar es Salaam ni jina la pili la mahali hapohapo. Orodha hiyo inakumbuka pia kwamba zamani za ukoloni saa ya Nairobi iliwahi kuwa mbele ya saa ya dunia kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Wakati nao una historia yake, na kuna watu walioihifadhi.

Kanuni ya ofisi yetu ni kwamba msimbo hauendi kwa mteja kabla mtu wa pili hajausoma. Mtu wa pili yuko Dar es Salaam. Nikamtumia, haukufika. Nikajaribu tena. Mwenyeji wangu akaniita nione simu yake: kila mtu anauliza mtandao umekuwaje. Nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika upande wa kusini, kuelekea Afrika Kusini. Kenya intaneti ilikuwa inachechemea. Tanzania ilikuwa karibu imezimika.

Mombasa inajua mambo haya. Hapa ndipo waya wa TEAMS ulipofika Juni 2009 kutoka Fujairah, na wa SEACOM ukaanza kazi mwezi uliofuata, na nyingine baada yake; intaneti ya Kenya inapanda nchi kavu hapa, mwendo mfupi kutoka kibaraza nilipokaa. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali pasiporuhusiwa na kuikata TEAMS. Nikiwa Dar huwa nadhani intaneti iko hewani. Hapa wanajua iko chini ya maji, ni uzi, na nanga inaweza kuukata.

Simu ya kawaida ilikuwa inaita. Nikampigia mwenzangu, nikamwomba achukue kalamu, nikamsomea msimbo kwa sauti. Mstari kwa mstari. "Fungua mabano. Wakati wa kuingia, koma, eneo la saa ndani ya alama za kunukuu, funga mabano." Naye anaandika kwenye karatasi, ananirudia. Ilichukua dakika arobaini na salio la mara mbili. Nilipomaliza, akakaa kimya kidogo.

"Kaka, wakati wa kuingia umeugeuza. Wa kutoka uko wapi?"

Sikuugeuza. Niliusahau. Ungekwenda vile, wateja wasingelalamika tena, na mwenye yadi angeendelea kupoteza siku moja kwa kila kontena linalotoka kati ya saa sita na saa tisa usiku, na hakuna ambaye angejua mpaka mwakani. Nimesomewa msimbo kwenye skrini nzuri kwa miaka tisa, na sijawahi kuona mtu akisoma kwa makini kama yule aliyesikiliza kwa sikio.

Jumatatu, 13 Mei

Alasiri mtandao ulikuwa mwepesi kidogo na nimepeleka marekebisho Frankfurt. Fomu ya kuingiza kwa mkono nimeibadilisha pia. Sasa inauliza saa kwa Kiswahili: saa ngapi, na chini yake alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Karani akiandika 7.20 na kuchagua usiku, mashine yenyewe inajua cha kufanya. Juu ya kioo, usiku ukiingia, panatokea maneno "Usiku wa kuamkia" na jina la siku. Hilo halikuwa kwenye mkataba. Nililiweka kwa sababu ndivyo linavyosemwa na watu watakaolisoma.

Orodha ya wateja waliozidishiwa imejaa kurasa mbili. Mwenye yadi ameisoma yote, amekubali kuwarudishia.

Jumanne, 14 Mei. Likoni

Nimekaa tena zamu ya usiku kuhakikisha, na asubuhi nimevuka na mzee feri moja, yeye anakwenda nyumbani kulala, mimi nakwenda kupanda basi. Kontena la kwanza baada ya saa sita usiku liliingia saa 6.41. Mashine iliandika Jumanne. Daftari liliandika Jumanne.

Kwenye ripoti niliyomwachia mwenye yadi, mahali pa pendekezo kuhusu madaftari ya makarani, nimeandika sentensi moja, na naiandika hapa pia kwa kila mwenzangu anayetumwa kwenda kuondoa karatasi mahali pa kazi za watu: tafadhali, daftari la zamu ya usiku lisiondolewe, na atakayeandika programu ya yadi baada yangu aanze kwa kulisoma.